Siku Niliyopanda Machila ya Bwana Goti

Harufu ya mchanga uliomwagiwa oili sijaweza kuizoea. Juzi nilikuwa Ipinda, nimesimama nje ya karakana nikisubiri gari litengenezwe, fundi akamwaga oili chakavu uani ili vumbi litulie. Kijana aliyekuwa kando yangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu kwamba ni jua tu. Nilimdanganya, na kwa kuwa habari hii ni ya uongo mmoja niliousema nikiwa na umri wa miaka saba au minane, naona ni haki nianze kwa kuukiri huo mdogo wa juzi.

Wenzangu wa rika langu waliokulia upande wa Mwaya huenda wanaukumbuka uwanja wa gofu wa Wazungu. Haukuwa uwanja wa kusifiwa. Ulikuwa malisho ya ng'ombe yaliyoachwa kati ya mashamba ya mpunga, na kiangazi kilipokausha udongo, vibarua walifyeka nyasi na kuchimba mashimo tisa yaliyoachana mbali. Kuzunguka kila shimo walitandaza duara la mchanga, wakaumwagia oili ili upepo wa ziwani usiupeperushe. Mvua zilipoanza, uwanja wote ulizama, vyura wakaurithi, na mchezo ukangoja mwaka mwingine.

Babu yangu, baba wa baba yangu, alikuwa mbeba fimbo wa Mzungu aliyesimamia ghala la mpunga. Jina la kweli la Mzungu huyo sikulijua. Sisi tulimwita Bwana Goti, kwa kuwa goti lake la kushoto halikukunjika. Mtu asiyekunja goti hawezi kuzunguka mashimo tisa kwa miguu, seuze kuyazunguka mara mbili kwa siku moja, kwa hiyo Bwana Goti alicheza akiwa amepanda machila: kitanda cha turubai kilichoning'inia kwenye mti mrefu, wapagazi wawili mabegani, wengine wawili pembeni wakingoja zamu. Walimbeba mpaka mahali mpira ulipolala, akashuka, akaupiga, akapanda tena. Babu alitangulia kwa miguu, mfuko wa ngozi mgongoni, macho yakiufuata mpira.

Na mbele ya babu nilitangulia mimi.

Hapa sina budi kueleza desturi, maana vijana wa leo wanaicheka kabla hawajaifahamu. Kwetu Wanyakyusa wa zamani zile, mwanamke aliyeolewa hakukutana na baba mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakulitaja jina lake, hakupita naye njia moja. Akimwona anakuja, alitoka njiani, akajificha majanini mpaka apite. Na si yeye peke yake: wanaume wa rika la mkwe, waliojenga naye kijiji kimoja, wote walikuwa wakwe zake. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilihitaji watoto wenye sauti. Babu alipopita karibu na kijiji cha baba yangu, mjukuu alimtangulia hatua kama mia, akiita kwa lugha yetu maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Njia ina mwenyewe!" Mama, popote alipokuwa, aliisikia sauti yangu na kutoka njiani.

Mama alikuwa Mkisi, binti wa wafinyanzi wa ufukweni. Alikuwa mgeni kwetu, na mgeni hushika sheria za nyumba kuliko waliozaliwa ndani yake. Bibi, mama yake baba, alizoea kumsifia kwa majirani: "Huyu wa ziwani hajawahi hata kukanyaga kivuli cha mzee." Ninataja sifa hiyo kwa sababu ni mimi niliyemwondolea.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya kugombea kikombe. Wazungu walikuja kutoka milimani, wengine walishuka kwenye meli, na tangu asubuhi na mapema walikuwa wakipiga mipira na kuitafuta majanini. Mmoja wa wageni alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayedaiwa mwendo. Alipoona machila alisimama, akamwambia Bwana Goti maneno mengi kwa Kiingereza. Bwana Goti akawa mwekundu mpaka shingoni. Wapagazi walimgeukia babu, ambaye alikuwa na Kiingereza kidogo cha ghalani.

"Anasemaje yule mlingoti?" aliuliza Babu Ambakisye, mpagazi wa mbele, mwanamume mfupi mwenye mzaha usiokauka.

"Anasema mchezo huu ni wa miguu," babu alijibu. "Anasema anayebebwa hachezi, anasafirishwa."

"Loo! Na sisi tunaobeba je, tunacheza au tunasafirisha?"

"Ninyi mnatoka jasho."

Walicheka mpaka machila ikatikisika, na Bwana Goti, aliyekuwa juu yake, akawakaripia.

Asubuhi yote nilifanya kazi yangu vizuri. Nilitangulia, niliita, na mara mbili niliona wake wa baba zangu wadogo wakitoka njiani na kuinama nyuma ya migomba. Lakini nilikuwa natazama pia kitu kingine. Niliona kwamba machila ilipopita, kila mtu aliipisha bila kuitwa. Wenye mizigo walisogea. Wachunga ng'ombe waliwasukuma ng'ombe wao pembeni. Hata mbwa walitoka. Katika akili yangu ya kitoto nilijenga hoja iliyonyooka kabisa, na iliyokosea kabisa: anayetembea hana budi kuita, ila anayebebwa njia humpisha yenyewe.

Baada ya chakula cha mchana Bwana Goti alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alikataa machila. Maneno ya yule mgeni yalikuwa yamemkaa rohoni, nadhani, kama mfupa wa samaki kooni. Aliichukua fimbo moja kutoka mfukoni, akaishika kama mkongojo, akasema kwa Kiswahili chake: "Leo mimi nakwenda mguu." Akaenda, akiburuza ule mguu mkavu, na babu kando yake akipunguza mwendo ili asimwaibishe. Machila tupu ikafuata nyuma kwa umbali, kwa kuwa wapagazi hawakuamini kwamba ushujaa ule ungefika shimo la tatu.

Ulifika shimo la tano na kulipita. Jua lilikuwa kali, miguu yangu ilikuwa imechubuka kwa mabua yaliyofyekwa, na sauti yangu ilikuwa imekauka. Nilirudi nyuma kidogo kutafuta maji. Wapagazi walikuwa nayo kibuyuni.

"Gwe, mke wangu," Babu Ambakisye aliniita, maana ndivyo babu wa kwetu huwaita wajukuu wa kike. "Mbona unachechemea kama Mzungu?"

"Sichechemei."

"Unachechemea. Mke wangu hatembei wakati machila yangu ni tupu. Watu watasema nimekuoa kwa mahari ya mbuzi kilema."

"Babu atanigombeza."

"Babu yako ana macho mbele tu, anatafuta mpira. Panda, mchumba. Machila tupu inayumba, inatuumiza mabega."

Nilipanda. Sitasema nilipandishwa, nimekuwa nikilisema hilo moyoni kwa miaka mingi, na si kweli. Niliweka mguu wangu mwenyewe kwenye turubai. Lilinuka jasho la Mzungu na oili ya mchanga iliyoshika kwenye viatu vyake. Wawili waliinua, na dunia ikashuka chini. Niliona vichwa vya migomba, nikaona maji ya ziwa yaking'aa kwa mbali, nikaona mgongo wa babu, mdogo, ukiwa mbele ya kila mtu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nililiona hilo waziwazi. Nikajiambia kwamba mama alikwenda kwao ufukweni kuchukua vyungu, na hatarudi mpaka kikombe kimekwisha. Kisha wakaanza kuimba chinichini, mwendo ukawa laini, na nikafumba macho.

Kati ya shimo la sita na la saba njia iliteremka kwenye kijito chenye matete marefu pande zote mbili. Mama alikuwa akipanda kutoka kijitoni na wanawake wawili wa kwao, kila mmoja ana vyungu vinne vilivyofungwa kwa wavu kichwani. Alisikiliza, bila shaka, kama alivyosikiliza siku zote. Hakusikia sauti yangu, kwa hiyo alijua njia ni salama. Alipopinda kona ya matete alikuwa uso kwa uso na baba mkwe wake, umbali usiozidi urefu wa machila.

Hayo niliambiwa baadaye na mmoja wa wale wanawake. Mimi nilichosikia ni vyungu. Chungu kimoja kikivunjika hulia. Vinne vikivunjika pamoja hutoa sauti nzito, fupi, kama mlango unaofungwa. Mama alikuwa amejitupa kando bila kutazama anakojitupia, akaporomoka ukingoni mpaka kwenye mawe ya kijito.

Wapagazi walishusha machila kwa haraka, nikakimbia mbele. Mama alikuwa ameketi katika maji ya kina cha kiganja, amejifunika kanga uso mzima, na mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Babu alikuwa amegeuza mgongo. Mfuko wa fimbo ulikuwa chini, na yeye amesimama akitazama matete.

Yule Mzungu mrefu alifika akipiga kelele. "Kwa nini simama? Saidia mama!"

Babu hakugeuka. Alisema tu: "Mwanamke wa kwao aliye hapo amsaidie. Mimi siwezi."

Bwana Goti alichechemea mpaka ukingoni, akaona, na nadhani alisikitika kweli. Akawaelekea wapagazi. "Weka yeye ndani machila. Upesi."

Hakuna aliyesogea. Wale wanne walikuwa wamegeuza migongo kama babu, wote watano wamesimama safu moja, wakitazama mashamba. Walikuwa wa rika moja na babu, wa kijiji kimoja. Wote walikuwa wakwe zake. Bwana Goti alitoa amri mara ya pili, kisha ya tatu kwa hasira. Mmoja wa wanawake wa ufukweni, mtu mzima, alimjibu kutoka kijitoni: "Bwana, mwache. Hao hawawezi kumbeba, na yeye hawezi kubebwa nao. Ana miguu ya kwetu." Wakamwinua mama kwa mabega yao mawili, na mama, mwenye kifundo kilichovunjika, akaenda nyumbani kwa mguu mmoja kupita shimo la saba, la nane na la tisa, akiwa amefunikwa kanga, wakati machila niliyokuwa nimeipanda mimi mzima imelala tupu kwenye nyasi.

Babu, akiwa bado amenipa mgongo, aliuliza: "Mjukuu wangu, uliita?"

Hakujua nilikuwa wapi. Wapagazi walijua, na wakanyamaza, kwa kuwa wao ndio walionikaribisha. Ningeweza kusema neno moja.

"Niliita," nikasema.

Kesho yake baada ya ibada bibi alikuja nyumbani kwetu, ametumwa, kwa maana babu asingeweza kuja. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti vya mwanzi. Nililetewa kigoda, jambo ambalo mtoto haletewi.

"Mwanangu, sema mbele ya mama yako. Uliita au hukuita?"

"Niliita, bibi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Bibi alishusha pumzi. Sikuelewa wakati ule alichokuwa akikipima. Niliogopa fimbo tu, na nilidhani uongo wangu unaikinga ngozi yangu, basi. Sikujua kwamba mwanamke anayeitiwa njia mara tatu na asiipishe ni mwanamke anayemdharau mkwe wake, na kwamba anayemdharau mkwe hurudishwa kwao, na watoto hubaki kwa baba. Bibi alilijua. Mama, aliyekuja na nyavu zake za vyungu kutoka upande wa pili wa ghuba, alilijua kuliko sisi sote.

"Mkwe wangu," bibi alisema taratibu, "umemsikia mwanao. Nipe neno la kumpelekea mzee."

Mama alinitazama. Nimejaribu kwa miaka mingi kulieleza jicho lile, na kila neno ninaloliweka hapo ninaliondoa. Halikuwa la hasira. Alinitazama kama fundi anavyokitazama chungu chenye ufa, akipima kama kitafaa kushika maji ama la. Kisha akamgeukia bibi, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sogea, mama. Masikio yangu yamelemewa. Tangu mvua zilizopita nasikia kama niliye chini ya maji. Niliona haya kuwaambia."

Bibi alishika kifua kwa faraja. "Kumbe! Kumbe masikio! Ndaga fijo, Kyala, asante Mungu." Alikuja na hukumu, akaondoka na ugonjwa, na ugonjwa hauna kosa. Kuku mmoja alipelekwa kwa babu kama radhi, babu akampokea, na mama akabaki nyumbani kwake.

Lakini alibaki kiziwi. Uziwi hauwezi kuvaliwa siku moja na kuvuliwa. Majirani walianza kumsemesha kwa kelele. Walimtia masikioni mafuta ya mawese ya moto. Walimwekea benchi la mbele kanisani. Wanawake walizungumza siri zao mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya mbuzi, na hakuna hata moja iliyowahi kutoka. Aliacha kuimba, kwa kuwa asiyesikia hawezi kushika sauti. Mama alikuwa ameimba vizuri sana.

Babu naye aliacha kubeba fimbo. Alisema hawezi kupita tena karibu na mkwe asiyeweza kusikia mwito; angemvunjia heshima au mguu mwingine. Kila alipokuwa na safari ya Mwaya alizunguka kwa njia ya Ngonga, mwendo wa karibu nusu siku zaidi, na alifanya hivyo mpaka miguu yake ilipokataa. Nilimwona mara nyingi akipita mbali kwenye tuta la mpunga, peke yake, bila mtoto mbele.

Nami niliamini jambo ambalo leo linanitia aibu na huruma kwa pamoja. Niliamini kwamba nimemfanya mama kiziwi kwa maneno yangu. Nilisema niliita, na ili neno langu liwe kweli Mungu akamziba masikio. Kwa hiyo nilianza kumjaribu. Niliangusha vijiko nyuma yake. Nilipiga chafya ghafla. Hakugeuka hata mara moja, na kila alipokosa kugeuka nililia vichakani.

Siku moja alikuwa akifinyanga, ameketi nje, mgongo kwangu, mguu uliopona vibaya umenyooshwa mbele. Nilikuja nyuma yake karibu sana. Nikanong'ona, kwa sauti ambayo mtu mwenye masikio mazuri tu angeisikia: "Mama, sikuita. Nilipanda machila."

Mikono yake ilisimama kwenye udongo. Ilisimama muda mrefu kiasi kwamba mdomo wa chungu ulianza kulegea. Nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua. Kisha akauokota mdomo ule kwa vidole viwili, akaurudisha mahali pake, akasema bila kugeuka, kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka kwa majirani: "Kama kuna mtu hapo nyuma, aseme kwa nguvu. Mimi sisikii."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitabu chochote. Yalikuwa mlango. Wakati mwingine nadhani alikuwa akinifungia, ili niache, ili jambo lile lizikwe na mimi nikue. Wakati mwingine nadhani alikuwa akinifungulia: kama una la kusema, liseme mbele ya watu. Babu alikuwa hai. Bibi alikuwa hai. Ningesema kwa nguvu, nami ningechapwa, na mama angerudishiwa masikio yake. Nilichukua mtungi, nikaenda kuteka maji.

Nilikwenda shule, kisha shule za mbali zaidi. Babu akafa, bibi akafa, Babu Ambakisye akafa bila kunifanyia tena mzaha hata mmoja. Kila nilipokuja likizo nilimsemesha mama kwa kelele kama wengine.

Kiangazi kilichopita mama alilazwa. Muuguzi kijana, mwenye adabu na haraka, aliinama sikioni mwake na kupaza sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Jamaa zetu walikuwa wamejaa chumbani, shangazi, binamu, watoto wa baba wadogo. Kitu kikanikatika ndani, nikasema kwa sauti ambayo kila mmoja wao aliisikia: "Usimpigie kelele, mwanangu. Anasikia. Amekuwa akisikia siku zote. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Jamaa wote walinigeukia. Mama alifumbua macho, akanitazama kwa utulivu, akawatazama jamaa, kisha akamgeukia muuguzi na kuweka kiganja chembamba nyuma ya sikio.

"Anasemaje huyu?" akauliza.